Shifu wa jikoni, "kula kwanza", na ile -ga yetu ya Mbeya

Nianzie jikoni maana huko ndo stori ilipoanzia. Mi ni mkalimani kwenye saiti moja ya barabara huku Mbeya, Wachina upande huu, mafundi na vibarua wetu upande ule, na kambini kuna mpishi Mchina ambaye kila mtu anamwita Shifu, kwa Kichina ni jina la heshima la fundi. Shifu ni Mhui, kabila la Waislamu wanaoongea Kichina, kwao ni Linxia mkoa wa Gansu, na tambi anavuta kwa mkono, anakamata donge la unga analikunja analivuta analipiga mezani analikunja tena mpaka zinatoka nyuzi nyembamba kama za kufumia. Sasa asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ile ambayo mtu wa Uyole haelezwi, nimesimama mlangoni nasubiri chai, nikamsikia anamwambia kijana anayemsaidia sentensi moja ya maneno matano, na sikuielewa. Nimesoma Kichina Dodoma, nikaenda kukaa mwaka mzima Lanzhou, na maneno yote matano nilikuwa nayajua, ila yamekaa mahali ambapo mi sijazoea kuyakuta.

Alisema hivi (naandika kwa tahajia ya Kichina sanifu, matamshi yake ni tofauti kidogo): "Wo ta ha shuo le." Neno kwa neno ni mimi, yeye, *ha*, sema, tayari. Yaani "nimeshamwambia". Kichina cha darasani kingesema "wo gen ta shuo le", mimi na yeye sema tayari. Hiyo *ha* imetoka wapi? Na kwa nini kitenzi kimesukumwa mpaka mwisho?

Nilimuuliza. Akanijibu kwamba kwao ndo wanavyosema tangu babu zake, akaendelea kukata vitunguu.

Tokea siku hiyo hili jambo limenikaa kichwani na nimelifuatilia kila nilipopata nafasi, ndo maana leo naandika. Sisi tumefundishwa kwamba sarufi ni kitu kigumu, kwamba maneno ndo yanakopwa, leo umechukua "meza" kwa Wareno kesho umechukua "shule" kwa Wajerumani, ila mifupa ya lugha inabaki ileile. Kumbe si kweli. Mifupa nayo inahama. Ukitaka kuona inavyohama nenda kaangalie lahaja za Kichina, kule mashahidi bado wapo hai pande zote mbili.

Chukua hiyo Linxia. Zamani iliitwa Hezhou, mji wa biashara kati ya Wachina na Watibeti. Ukiuzunguka unakuta Wadongxiang na Wabonan, hawa lugha zao ni za ukoo wa Kimongolia, unakuta Wasalar ambao lugha yao ni ndugu wa Kituruki na wenyewe wanasimulia kwamba mababu walitoka Samarkand wakimfuata ngamia mweupe, unakuta Watibeti wa Amdo. Koo tatu tofauti kabisa za lugha. Lakini zote zinafanana kitu kimoja, kitenzi kinakaa mwisho, na nomino inavalishwa kiambishi nyuma kuonyesha imefanya nini kwenye sentensi: huyu ndo kapigwa, huyu ndo kapewa, hiki ndo kimetumika. Kichina cha kawaida hakina vitu hivyo. Kichina kinapanga kama sisi, mimi, kula, ugali. Basi kwa karne nyingi watu wa hizo lugha nyingine wamekuwa wakiingia kwenye Kichina, wengine kwa biashara, wengine kwa ndoa, wengine kwa dini maana Uislamu uliwakusanya msikiti mmoja, na walivyoingia hawakuja mikono mitupu, walikuja na mpangilio wao. Wakachukua maneno ya Kichina wakayapanga kwenye rafu zao za nyumbani. *Ha* ni neno la Kichina kwa sauti, ila kazi inayofanya ni ya kiambishi cha majirani, inakaa nyuma ya mtu kuonyesha kwamba kitendo kimemwangukia yeye.

Kuna kingine ambacho mi nikikifikiria najisikia raha kabisa. Ukienda Xining, mji mkuu wa Qinghai, jirani na kwa Shifu, utasikia wanasema "kalamu *lia* andika" wakimaanisha andika kwa kalamu. Hiyo *lia* asili yake ni "wawili". Mimi yeye wawili twende, yaani twende mimi pamoja na yeye, afu "pamoja na" ikasogea ikawa "kwa kutumia". Sasa angalia, zile lugha za Kimongolia za hapohapo, Kibonan na ndugu zake, zenyewe nazo kiambishi chao cha "pamoja na" na "kwa kutumia" kimetokana na namba mbili ya kwao! Sauti ni tofauti, wazo ni moja. Kwa hiyo kilichovuka mpaka pale siyo neno, ni njia ya kufikiri, mtu kaichukua njia ya lugha moja akaitembea na viatu vya lugha nyingine. Kiswahili nacho kina "na" ya "mimi na wewe" na ya "amepigwa na fimbo", kwa hiyo ukitulia unaona jinsi pamoja-na na kwa-kutumia vilivyo jirani.

Hapohapo Qinghai, huko Tongren, kuna kijumuiya kidogo cha Wutun, wasemaji kama elfu nne hivi, watu maarufu kwa kuchora picha takatifu za Kibudha. Lugha yao msamiati wa msingi kwa sehemu kubwa ni wa Kichina, ila sarufi ni ya Kitibeti cha Amdo kiasi kwamba hata kitenzi kinalazimika kuonyesha msemaji kajuaje hilo analosema, kaliona mwenyewe au kalijua vipi. Na toni, ile sauti kupanda na kushuka inayobadilisha maana ya neno, hawana tena. Kichina bila toni! Beijing wana toni 4, Guangzhou kule kusini wana 6, Linxia zimebaki 3, ukifika Wutun hakuna. Mtaalamu wa Kijapani Mantaro Hashimoto alilishika hili tangu miaka ya 1970, akasema ukisafiri kutoka kusini kwenda kaskazini mwa China ni kama unatembea kutoka lugha za Thailand kuelekea lugha za Mongolia, toni zinapungua na mpangilio unageuka pole pole. Wapo waliompinga kwenye baadhi ya hoja, ila picha yenyewe ukishaiona huwezi kuisahau.

Na inaenda upande wa pili pia. Kisiwa cha Hainan, karibu na Sanya, wapo Waislamu wengine wanaoitwa Utsat, asili yao ni Champa, Vietnam ya leo, lugha yao ni ya familia moja na Kimalesia na Kimalagasi, familia ambayo toni siyo mambo yake. Wamekaa na Wachina na majirani wa kisiwani karne kwa karne mpaka maneno yao yamekatika yakawa ya silabi mojamoja na toni zimeota, leo wanazo 5. Kule toni zimekufa, huku zimezaliwa. Huku kwetu pia, Kihehe kina toni, Kisafwa kina toni, Kinyakyusa hakina, na tumepakana mlima kwa mlima. Bibi yangu wa Tukuyu na bibi wa rafiki yangu wa Kalenga wote ni Wabantu ila wakiongea masikio yanasikia muziki tofauti.

Turudi saiti. Tuna injinia mmoja anatoka Nanning, mkoa wa Guangxi, kusini kabisa karibu na Vietnam, akimpigia simu mkewe anaongea Kikantoni. Siku moja tumekaa kwa mama ntilie pale Mbalizi, sahani zimekuja, akanisogezea ya kwangu akasema "nei sik sin". Nikacheka kwa furaha kwa sababu kwa mara ya kwanza nilisikia Kichina kinaongea kama mimi. *Nei* wewe, *sik* kula, *sin* kwanza. Wewe kula kwanza! Kichina cha Beijing wanasema "ni xian chi", wewe kwanza kula. Nikaanza kumchimba. Kuku jike? *Gai-na*, kuku-jike. Beijing ni *muji*, jike-kuku. Jogoo? *Gai-gung*, kuku-dume, Beijing ni *gongji*, dume-kuku. Mimi mrefu kukupita wewe? "Ngo gou gwo nei", mimi mrefu *pita* wewe, hiyo *gwo* ni kupita kabisa, kama unavyopita kwa fulani. Beijing ni "wo bi ni gao", mimi kulinganisha wewe mrefu. Tulikaa pale mpaka mbalaga imepoa.

Kwa nini kusini wanasema hivyo? Wengi waliochunguza wanaelekeza kidole kwa watu waliokuwa pale kabla. Majeshi ya Qin, dola ya Wachina ya wakati huo, yaliiteka nchi hiyo ya kusini mwaka 214 kabla ya Kristo na waliwakuta watu ambao Wachina waliwaita Yue, na wazao wa lugha za namna hiyo bado wapo, Kizhuang hapo Guangxi kina mamilioni ya wasemaji, na ni ndugu wa Kithai. Kwenye lugha hizo nomino inatangulia, sifa inafuata, na kulinganisha wanatumia "kupita", Kithai ni *kwaa*. Watu hao hawakufukuzwa wote, wengi walibaki wakageuka kuwa Wachina kwa lugha, vizazi na vizazi, na walipogeuka walibeba "kula kwanza" yao. Hata huyo injinia aliniambia bibi yake mzaa mama alikuwa Mzhuang. Aliisema kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu ambaye nyumbani hawaizungumzii sana.

Mwaka 1988 wataalamu wa lugha Sarah Thomason na Terrence Kaufman waliandika kitu ambacho kwangu ndo ufunguo wa haya yote, kwamba kuna njia mbili. Kuna watu wanaobaki na lugha yao wanakopa ya jirani, hao wanaanza na maneno, sarufi inaguswa baadae sana kama itaguswa. Na kuna watu wanaohama lugha kwa wingi, hao maneno ya zamani wanayaacha mlangoni ila matamshi na mpangilio wa sentensi wanaingia nao ndani, na wakiwa wengi basi watoto wa wenyeji nao wanaanza kuongea hivyohivyo. Kiswahili kukopa "lakini", "au", "kwa sababu", "baada ya" toka Kiarabu ni njia ya kwanza, imefika mbali mpaka kwenye viunganishi ila sentensi imebaki ya Kibantu. Linxia ni njia ya pili. Na Mbeya, nitafika, ni njia ya pili.

Ila kabla ya Mbeya kuna kisa lazima nikisimulie, maana kiligharimu watu pesa. Kichina cha kaskazini kina "sisi" mbili. *Zanmen* ni sisi pamoja na wewe ninayeongea nawe. *Women*, likisemwa na mtu wa kaskazini anayetofautisha, ni sisi bila wewe. Kiswahili sisi ni sisi tu. Basi mkuu wa saiti, mtu wa Shenyang, kaskazini mashariki mwa China, jioni moja kabla ya sikukuu yao ya katikati ya vuli akaniambia mbele ya kundi, "women mingtian xiuxi", nami nikageuka nikatafsiri: kesho tunapumzika. Kumbe kasema *sisi Wachina* tunapumzika. Kesho yake vibarua kumi na nane hawakuja, na mwisho wa wiki wakakatwa siku moja. Kuna baba mmoja wa Ilembo ambaye anasomesha watoto wanne kwa hiyo kazi, akaniuliza taratibu kabisa, "Mwanangu, si ulisema tunapumzika?" Nilienda ofisini mara tatu. Walirudishiwa nusu. Mpaka leo nikisikia *women* nasimama nauliza, ninyi au sisi wote?

Nikaja kufuatilia hiyo *zanmen* nikakuta nayo ina historia ya kukutana kwa lugha. Neno lenyewe ni maneno mawili ya Kichina ya "mwenyewe" yaliyominywa yakawa moja, na linaanza kuonekana kwenye maandishi wakati kaskazini ya China inatawaliwa na Wajurchen, enzi ya Jin, 1115 hadi 1234, kisha wakaja Wamongolia, baadae Wamanchu toka 1644 mpaka 1912. Na hao wote lugha zao zilikuwa na sisi mbili, Kimanchu ni *muse* na *be*. Kwa hiyo wapo wanaosema Kichina kilijifunza tofauti hiyo kwa watawala. Mi nakubali nusu, kwa sababu Kihokien cha Fujian, kusini mashariki, nacho kina *lan* na *gun*, na Wamanchu hawakukiundia hizo. Inawezekana mbegu zilikuwepo zaidi ya sehemu moja na kaskazini majirani waliimwagilia.

Enzi hiyo ya Wamongolia kuna kitabu cha mazungumzo walichotumia Wakorea kujifunza Kichina, kinahusu wafanyabiashara wanaopeleka farasi Beijing, na ndani yake sentensi nyingi zinamalizika na neno *you*, "kuwepo", linaning'inia mwishoni kama kitenzi cha Kimongolia. Baadae likafifia. Na karne ya 20 ikaja kwa njia nyingine kabisa, ya karatasi: tafsiri za vitabu vya Ulaya. Kabla ya hapo Kichina *bei*, alama ya kutendwa, ilikuwa zaidi ya mabaya, kapigwa, kaibiwa, kauawa. Watafsiri walipoanza kuitumia kwa kila sentensi ya kutendwa waliyoikuta kwa Wazungu, leo mtu anaweza kuwa *bei* amechaguliwa, *bei* amesifiwa. Hapo hakuna ndoa wala msikiti, ni kalamu tu.

Sasa Mbeya.

Nilikuwa darasa la tano, mwalimu kauliza nani anachota maji kabla ya kuja shule, nikanyoosha mkono nikasema "mimi nachotaga". Akanisimamisha mbele nikalisema hilo neno bila *ga* mara kumi, darasa linahesabu. Alisema hiyo *ga* ni uchafu, ni kuharibu lugha ya taifa. Niliamini. Kwa miaka mingi nikiwa mbele za watu naiogopa *ga* kama mtu anavyoogopa kuteleza kwenye utelezi wa Rungwe.

Ila sikiliza bibi yangu. *Twabombaga*. Tulikuwa tunafanya kazi, ndo ilikuwa kawaida yetu. Hiyo *-aga* ya mwisho ni sarufi kamili ya Kinyakyusa, ina kazi yake, inasema kitendo kilikuwa kinaendelea au kinajirudia. Na siyo Wanyakyusa peke yao, lugha nyingi za bara zina ndugu yake. Mbeya ni mji wa wageni, umeanza miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa kule Chunya imevuta watu toka kila kona, kisha barabara kuu, kisha reli ya TAZARA mwaka 1976, na wote hao Msafwa, Mnyiha, Mndali, Mkinga, Mbena wamekutana sokoni kwa Kiswahili. Wameingia kwa wingi kwenye lugha ambayo siyo ya bibi zao na wameingia na *ga*. Anakujaga, tunaendaga, alikuwaga. Ona na *ka-*: katoto, kagari, kanyumba, na kwa wingi tutoto, wakati sanifu inataka kitoto na vitoto. Kinyakyusa ni *aka-* na *utu-*. Ni ileile *ha* ya Shifu, ni ileile "kula kwanza" ya injinia. Nilivyoelewa hivyo nilikaa kwenye kosta toka Kabwe mpaka Uyole nimenyamaza, nalifikiria lile darasa.

Nasema hili kwa moyo wote: yule mwalimu alikuwa anatimiza kazi ya kufundisha sanifu, mtihani unataka sanifu na mimi mwenyewe nikiandika barua ya kazi naandika sanifu. Lakini kuiita uchafu hapana. *Nachota*, *huchota* na *nachotaga* mtaani havilingani, ukisema "mi huyo jamaa namuonaga" kila mtu anajua siyo sasa hivi, ni mara kwa mara. Hiyo ni kanuni, na tunaifuata bila kufundishwa.

Wiki iliyopita nimepita jikoni. Shifu ana mwaka wa pili sasa, Kiswahili amejifunza kwa kina mama wawili wa Mbalizi wanaomenya viazi nae, hakuna darasa. Alikuwa anamimina chai, akaniangalia, akaonyesha bakuli la sukari kwa kidevu.

"Wewe sukari kulaga?"

Kitenzi mwisho, kama Linxia. *Ga* nyuma yake, kama Mbalizi. Yule mama mdogo wa viazi hata hakuinua kichwa, akamjibu kwa niaba yangu, "Huyu hatumiagi, Shifu," na Shifu akarudia polepole, midomo ikijaribu, "ha-tu-mia-gi", akaliweka bakuli pembeni akanipa kikombe.